Furushi la Esperance

Esperance hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila furushi lake. Hata kanisani alikwenda nalo: karatasi za ukimbizi, sufuria ndogo, nguo za kubadili, vyote vimefungwa kwenye kitenge. Majirani wa mtaa wake, Kawempe, walimcheka mpaka wakachoka. Hawakujua kwamba siku vita vilipoingia Goma aliondoka mikono mitupu, mwanawe Guerschom mgongoni, akaapa hatakutwa hivyo tena. Guerschom sasa ni fundi simu Nakivubo, ana ndevu, na furushi bado lipo.

Kwa hiyo Jumamosi ile mumewe, Valère, aliposema waende kutembea Luzira, waone ziwa na bandari ya zamani, alilifunga na kulijaribu fundo mara mbili. Alijua hayo si matembezi. Valère alikuwa amepata kazi ya upishi katika hoteli ya ufukweni huko Luzira, pamoja na chumba cha kuishi. Meneja alitaka jibu Jumatatu, na Valère alikuwa amesema hatahama kama mkewe hataki.

Aliyewatembeza alikuwa Siraje, mzee wa Kinubi aliyemaliza ujana wake akipakia mizigo Port Bell, bandari hiyo ya Luzira. Aliwaonyesha reli inayoishia majini, akaeleza mabehewa yalivyokuwa yakiingizwa melini mazimamazima kwenda Mwanza na Kisumu. Bandari, alisema, ilipewa jina la gavana Bell, Mwingereza ambaye hakuwahi kubeba hata gunia moja. Valère alicheka sana. Esperance alikuwa akitafuta barabara. Aliiona moja tu, na upande wa pili maji matupu. Goma ilikuwa hivyohivyo: ziwa mgongoni, watu wakisukumana gatini. Akamuuliza mzee, meli zikishaondoka zote, watu wa hapa wanapita wapi?

Siraje alimtazama, kisha akalitazama furushi.

"Mama, mimi nakaa hapa tangu zamani. Watu nakuja, nakula samaki, narudi kwao. Hakuna mtu nakimbia."

Maneno matamu, lakini hayakumwingia. Samaki wenyewe aliwala amesimama, Valère akiona haya mbele ya wahudumu wa hoteli.

Walipofika kwenye chumba walichoahidiwa, alikwenda moja kwa moja dirishani kuona kama mtu anaweza kupenya. Aliweka furushi chini, akatoa kichwa na mabega nje. Upepo wa ziwa ukampiga usoni. Kule chini wanawake walikuwa wakianika dagaa na kutaniana, mmoja akiigiza mwendo wa mumewe mlevi, na Esperance akajikuta anacheka peke yake. Alikuwa amesahau alichokuja kupima. Valère alimwita mara tatu.

Jioni wakarudi nyumbani. Mlangoni Kawempe akapapasa ubavuni, akaganda. Furushi halikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu Goma alikuwa amelisahau, na lilikuwa limebaki chini ya lile dirisha.

Valère anamjua mkewe. Alikuwa tayari amegeuka kukimbilia bodaboda, Esperance alipomshika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka ukamuuma.

"Baba Guerschom, liache kule. Tutalikuta siku tutahamia."

Kisha akaingia ndani mikono mitupu.