Mgonjwa Aliyeletwa kwa Ndoo ya Rangi

Nilipofunua ile ndoo, harufu ya rangi ya ukuta ilinifikia kabla ya harufu ya bahari. Chini kabisa kulikuwa na kitu cha kahawia kilichojikunja kama soksi iliyotupwa. Mwenye ndoo, mfanyabiashara mwenye nyumba ya wageni huko Muleba, alikuwa amesimama sebuleni kwangu Kibeta, hapa Bukoba.

"Mwalimu, ua langu limenyauka," alisema. "Nimeambiwa wewe unayaweza."

"Si ua, mzee. Ni mnyama. Yumo humu tangu saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilipitia Kamachumu kwanza, nina shamba pale."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

Naandika haya hasira ikiwa haijaniisha, lakini nitaeleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa baiolojia. Anemoni wa baharini ni mnyama laini. Juu ana mikono mingi myembamba inayochezacheza majini, katikati ya mikono kuna mdomo, na chini ana mguu mmoja mpana kama kitako cha kikombe. Kwa mguu huo hujishikiza kwenye mwamba. Anafanana na ua, ndiyo maana wenye kumbi za mapokezi wanampenda. Mimi nilijifunza kumtunza miaka niliyofundisha Tanga, nikarudi Bukoba na tangi langu dogo la kioo. Ziwa letu ni kubwa, ila maji yake hayana chumvi, kwa hiyo maji ya bahari nayachanganya mwenyewe: maji ya mvua niliyoyachuja, ambayo hapa hayajawahi kutupungukia, na chumvi maalumu inayokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Nilimgeuza mgonjwa taratibu kwa mwiko. Mdomo ulikuwa wazi, umelegea. Mguu ulikuwa umechanika karibu nusu.

"Nani kamng'oa?"

"Mfanyakazi wangu. Jiwe lilikuwa na uchafu wa kijani, nikamwambia alisugue. Ua hili likang'ang'ania. Akatumia kisu cha jikoni."

"Na maji je?"

Hapo alijibu kwa fahari. "Maji sikumnyima. Yakipungua naongeza, na kila nikiongeza natia chumvi. Si wa bahari huyu?"

"Mzee, ukiusahau mchuzi wa dagaa jikoni ukakaukia, unakuwaje?"

"Unazidi chumvi."

"Basi na tangi lako ni hivyo hivyo. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Ulitakiwa kuongeza maji matupu."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe nimempika!"

Mimi sikuweza kucheka. Alipofika barazani akaongeza kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata angekuja kumchukua, kwa sababu kesho yake angekuwa na wageni wa harusi. Wageni, alisema, wanapenda kumtia kidole ili awabane, na watoto wanamlisha chipsi. Alisema hivyo kama mtu anayesifu uzuri wa bustani yake.

Nilimweka kwenye beseni peke yake, nikianza na maji yenye chumvi kali kama aliyoyazoea, kisha nikayapunguza makali kikombe kwa kikombe kwa muda wa siku nne. Ukimbadilishia ghafla unamuua, hata kama maji mapya ni mazuri kuliko ya kwanza. Nilimpangia mawe madogo pande zote asibiringike, nikaweka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, maana umeme wetu tunaujua. Kila asubuhi niliinama kunusa. Anemoni aliyekufa huyeyuka na kunuka vibaya sana. Aliye hai hanuki. Mchaniko wa mguu sikuugusa. Hufunga wenyewe ukiachwa. Na chakula sikumpa kabisa, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hawezi kusaga kitu. Ukimlisha, chakula kinamwozea tumboni.

Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni nikakuta dagaa wanaelea kwenye beseni. Mmoja alikuwa ameingizwa mdomoni, mkia ukiwa nje.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Izimbya kukaa nasi, alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda.

"Nimemwona mgonjwa wako," alisema kwa upole. "Siku tano hajala, mwanangu. Watu watasema nini?"

Nilimfokea. Sijivunii hilo. Mkwe hafokewi, na yeye hakufanya lolote ila lile ambalo kila mama wa kwetu angefanya: mgonjwa huendewa na chakula. Alisubiri mpaka nilipomaliza kuwatoa dagaa kwa kibano.

"Ulipojifungua," alisema, "si nilikuletea supu?"

"Uliniletea, mama, na nilipona kwa supu ile. Lakini mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo hospitali, wanampa ndizi siku hiyo hiyo?"

Alifikiri. "Hapana. Wanasubiri ajambe."

"Basi na huyu tunasubiri."

"Naye anajamba?"

"Anafunga mdomo."

Tangu hapo alimlinda kuliko mimi. Jirani akija, anaambiwa aangalie bila kugusa. Jumatano alinipigia simu nikiwa shuleni, jambo ambalo hakuwahi kufanya: "Mdomo umefunga. Umefunga kabisa!" Alhamisi mguu ukashika jiwe.

Ijumaa yule bwana akaja na ndoo ile ile.

"Eeh, amepona! Namchukua."

Nilimweleza kwamba kushika jiwe ni mwanzo tu, kwamba safari moja zaidi na kidole kimoja zaidi vingemmaliza, na kwamba alihitaji wiki kadhaa. Nilieleza mara mbili. Alitazama saa.

"Mwalimu, hii ni mali yangu."

Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda. "Karibu, baba. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, nimekuja."

"Marahaba. Umemletea nini?"

Aliitazama ndoo yake. "Sijaleta kitu."

"Waitu!" alimaka kwa Kihaya. "Unamjia mgonjwa mikono mitupu, halafu unataka umbebe akacheze harusi?"

Alicheka, lakini aibu ilionekana usoni. "Basi bakini naye. Nitaagiza mwingine. Kule Dar wapo tele."

Wapo tele. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Kila mmoja wa hao walio tele ametolewa na mtu kwenye mwamba aliokuwa ameushika, akasafirishwa nchi nzima kwenye mfuko wa plastiki ili mlevi amtie kidole. Na mwenye nyumba ya wageni huyo huyo hawezi kuruhusu mgeni amchanie kitambaa cha meza.

Wiki tatu baadaye anemoni wangu alikuwa anakula kipande cha kamba wa baharini kisichozidi punje ya harage, mikono yake imejaa tena. Simu ikaita.

"Mwalimu, huyu mpya naye ananywea."

"Usimguse," nilisema. "Tafadhali usimng'oe. Kesho nakuja mwenyewe, nitambeba na jiwe lake."

Nilisikia gari linanguruma.

"Nimeshamng'oa. Tumefika Kemondo."

Mama mkwe aliuliza kuna nini, nikamwambia. Alitoa nguo kwenye beseni la pili, akalisuuza kwa maji ya mvua mara tatu kama alivyoniona nikifanya, akaliweka kando ya lile la kwanza. Kisha akasema, "Mwambie safari hii asije mikono mitupu."

Nilimwambia. Alikuja na mkungu wa ndizi, mzuri kweli, na ndoo ile ile ya rangi.