Mpaka wa Besi

Araba Otuwa, fundi cherehani wa mji wa Saltpond, ndiye aliyepiga kinanda cha umeme kanisani. Mpiga gitaa la besi alipohamia Takoradi, Araba akakigawa kinanda sehemu mbili: vitufe vya kushoto vitoe besi, vya kulia vitoe ogani. Mpaka akauweka katikati kabisa, kama anayekunja kitambaa.

Akasahau kwamba kwao mahubiri hukatizwa wakati wowote mama mmoja akijisikia kuimba, naye huanza kwa sauti aipendayo. Jumapili iliyofuata bibi mmoja, Maame Takyiwa, alianza kwa sauti nzito mno. Araba akamfuata, mkono wa kulia ukashuka kushoto, ukavuka mpaka, na wimbo wa toba ukanguruma kama lori la mihogo. Watu wakacheka hadi machozi. Mzee wa kwaya hakucheka. "Ikijirudia hii," akasema, "tunafungia hicho kidude stoo."

Wiki nzima Araba alishona akiwaza vitufe. Jumamosi akausogeza ule mpaka kushoto vitufe vinane, akautia alama kwa chaki ya kushonea.

Jumapili Maame Takyiwa akaanza kwa sauti nzito kuliko ile ya wiki iliyopita. Mkono wa Araba ukashuka, ukashuka, ukakomea kitufe kimoja kabla ya chaki. Ogani ikalia laini mpaka mwisho. Araba akashusha pumzi ya wiki nzima.

Nje bibi huyo akamgusa bega. "Lile lori lako leo halikupita."

"Nimelisogezea barabara yake kushoto, Maame. Ila ukishuka zaidi ya leo, litakugonga."

"Na nikipanda?"

"Panda hadi mbinguni. Huko kote ni ogani."