Kuku wa Dada Aliye Kaskazini

Mzee mmoja kutoka Korea Kusini alikaa nasi Kikima miaka miwili, akitusaidia kuchimba kisima cha kanisa. Siku ya kumuaga, akina mama walimpa kuku. Kwetu mgeni hubebeshwa pia zawadi ya ndugu zake, basi nikamuuliza kama anao.

"Nina dada mmoja."

Mke wangu akaleta tetea mweupe. "Huyu ni wake, mzee. Umpelekee kwa mkono wako."

Mgeni akainama. Akatueleza kwamba wakiwa watoto, vita kati ya wakomunisti wa kaskazini na watu wa kusini viliwatenganisha, dada akabaki kaskazini. Mpaka umefungwa hadi leo, na hajui kama dada yake yu hai.

Niliona haya. Lakini mke wangu hakumrudisha kuku bandani. "Basi tutamfuga sisi hadi njia ifunguke. Akizeeka, hatumchinji!"

Mzee akacheka huku akifuta machozi.

Sasa kila Krismasi hutupigia simu. "Kuku wa dada yangu hajambo?"

"Hajambo, ameangua tena."

Ninapommwagia mtama asubuhi, humshukuru Mungu, kisha humwombea mwenye kuku.