Fatiha Niliyoisoma Bila Miwani

Sisi wazee wa Kasongo, huku Kongo, tuna heshima moja ambayo vijana bado hawajatunyang'anya: mzee akisha kusoma Fatiha juu ya jambo, jambo limefungwa. Iwe ni posa, mpaka wa shamba au ugomvi wa ndugu wawili, mikono ikishapanguswa usoni hakuna wa kulifufua. Namshukuru Mungu kwa heshima hiyo, ingawa ndiyo iliyonifanya niwe, bila kukusudia, mzee wa kwanza katika ukoo wetu kumpeleka mtoto kusoma kompyuta.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Baba yake anauza viatu Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu, na hurudi nyumbani akipata nafasi, kwa hiyo msichana alikulia kwangu. Kwa desturi yetu mimi humwita mke wangu, naye huniita bwana yangu, na kwa kisingizio cha ndoa hiyo hunitania mambo ambayo hakuna mtu mwingine angethubutu.

Alipofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari tulipiga vigelegele, tukapika wali, na kabla wali haujapoa akatangaza kwamba atasoma enformatike, yaani mambo ya kompyuta. Baba yake alisikia habari hiyo kwa simu.

"Mutoto wangu atasoma uuguzi," alisema. "Mugonjwa hawezi kukosekana. Ordinateri, hizo kompyuta, nani iko nazo hapa Kasongo?"

Msichana alinirudishia simu na kuniangalia.

"Bwana yangu, baba anataka nipige watu sindano. Mimi nikiona damu ninaanguka. Utanibeba wewe, na huo mugongo wako?"

Alisema kweli. Siku nikichinja kuku, yeye huingia ndani na kufunga mlango mpaka manyoya yaishe kunyonyolewa. Hata hivyo sikuwa upande wake. Nimefundisha watoto Kurani maisha yangu yote na ninajua kwamba elimu ni neema, lakini najua pia kwamba mwenye neema naye hula. Nilitaka mjukuu wangu awe na kazi. Kuandikisha wanafunzi kulikuwa kunafungwa wiki iliyofuata, na mwanangu alisema angekuja Ijumaa, tukae, nitoe neno la mwisho.

Nikaona si haki kutoa neno juu ya kitu nisichokijua. Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni, kwenye kibanda cha kijana anayetoa fotokopi, nikakaa kwenye benchi lake.

"Kijana, hii kazi yako njo enformatike?"

"Njo yenyewe, muzee," akajibu, yaani ndiyo yenyewe.

"Na kazi iko?"

"Kazi iko mingi. Umeme njo hauko."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Muda mwingi nilimwona akivuta kamba ya jenereta hadi shati likalowa jasho. Walikuja watu watatu: wa kwanza alitaka kuchaji simu, wa pili alitaka picha ya kadi, na wa tatu alikuja kumwuliza wa kwanza kama simu imejaa. Nikahesabu moyoni kwamba enformatike ni kazi ya mikono yenye nguvu.

"Wewe ulisomea wapi?" nikamwuliza.

"Mimi nilisoma kilimo, muzee."

"Na wale waliosoma enformatike wako wapi?"

"Mumoja ninamujua, kijana kama mimi. Iko Salamabila, anauza viatu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno langu tayari: uuguzi.

Ijumaa mwanangu alifika kwa pikipiki, vumbi jekundu limempaka mpaka kwenye nyusi. Baada ya swala tulikaa kwenye mkeka, mimi, yeye, mke wake na dada yangu mkubwa, ambaye hualikwa kila kikao kwa sababu asipoalikwa huja. Nilikuwa nimekohoa kidogo ili nianze, ndipo mjukuu wangu akaja, akapiga magoti, akaweka mbele yangu karatasi ndani ya jalada.

"Bwana yangu, kabla hamujaongea, niombee dua kwa masomo yangu."

Mzee gani humnyima mtoto dua? Niliweka mkono wa kuume juu ya ile karatasi, nikafungua viganja, nikasoma Fatiha. Kwa kuwa moyo ulikuwa mkunjufu, nikaongeza dua ndefu ya Kiarabu, na mwishoni kwa Kiswahili: "Ee Mola, yote yaliyoandikwa hapa uyafanye heri, umfungulie mlango wa riziki humo." Wakaitika amina, mwanangu kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukapangusa nyuso.

Kisha mwanangu akaichukua karatasi, akaisoma.

"Baba. Umeona kwanza imeandikwa nini?"

"Miwani yangu sikuipata leo."

"Ni karatasi ya kujiandikisha. Imeandikwa enformatike, na saini ya mutoto chini."

Mke wake akainama kutafuta kitu kwenye mkeka ambacho hakikuwepo.

"Basi tusome ingine," mwanangu akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa makosa."

"Mbele ya nani ilikuwa makosa?" dada yangu akamwuliza. "Wewe mwenyewe umeitika amina. Mimi nilifikiri unaita adhana."

Ikawa imekwisha. Chai ikaletwa. Nilipobaki peke yangu na mjukuu wangu nikamwuliza kama alikusudia.

"Mimi niliomba dua tu, bwana yangu. Kusoma karatasi ni kazi ya muzee mwenyewe."

Kesho yake miwani ilionekana ndani ya ndoo ya mchele. Nimeishi muda mrefu duniani, na sijawahi kuhifadhi miwani ndani ya mchele.

Nilicheka, lakini tangu siku ile mzigo ulikuwa wangu. Kama angekosa kazi, asingelaumiwa baba yake. Ingelaumiwa Fatiha yangu. Miaka yote mitatu ya masomo yake niliomba kila baada ya swala kama mtu aliyeweka rehani.

Chuoni kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi wengi, basi yeye alichora vifungo vyote vya kompyuta kwenye katoni ya sabuni, akawa anakaa barazani kwangu akivigonga huku amefumba macho, ili vidole vizoee. Mimi nilijifunza herufi zangu za kwanza kwenye ubao wa mti, kwa wino wa masizi, kwa hiyo sikuona ajabu. Lakini kutania ni haki yangu.

"Mke wangu, unamwandikia nani barua?"

"Wewe, bwana yangu. Lakini haitafika, umeme hauko."

Alimaliza. Kisha ikapita miezi bila kitu. Wenzake wawili walifungua kibanda cha fotokopi, mwingine alirudi Kabambare kufundisha hesabu, na yeye alishinda na ile katoni, hatanii tena. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana nyumba ambayo mjukuu hamtanii babu yake ni nyumba yenye mgonjwa.

Siku moja akaja na karatasi ndani ya jalada lilelile. Hospitali ilikuwa imepata kompyuta na paneli za jua, na ilitafuta mtu wa kuhamisha kadi za wagonjwa kutoka kwenye madaftari. Alikuwa ameandika barua ya kuomba.

"Ngoja," nikasema, nikavaa miwani.

Barua ilikuwa ya Kifaransa. Nilimfanya anifasirie mstari kwa mstari, tangu tarehe mpaka saini.

"Sasa njo unasoma?" akaniambia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka. Nikafungua viganja. Tulikuwa wawili tu, na amina yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayehitaji.

Walimchukua kwa majaribio, kisha wakambakiza. Anakaa chumba cha mwisho, mbali na sindano, na muuguzi akitaka kujua mgonjwa alitibiwa nini mwaka jana, huja mlangoni kwake kumwuliza. Alhamdulillahi.

Mwanangu naye ana furaha, kwa njia yake. Huko Salamabila huwaambia wateja, "Binti yangu iko anatumika kazi ku hopitali," halafu hunyamaza. Wakimpongeza kwa kuzaa muuguzi, hujibu, "Mungu ni mukubwa," jambo ambalo si uongo. Aliporudi mara ya mwisho alimletea binti yake zawadi kutoka dukani kwake, jozi ya viatu vyeupe, laini, visivyo na kisigino, kama vile wanavyovaa wauguzi wodini.

Nilivaa miwani, nikavitazama vizuri, nikamrudishia mwenyewe. Mjukuu wangu huvivaa kila siku akienda kazini.