Masweta Mawili kwenye Mizani

Asubuhi ile ya kliniki nilimvalisha mwanangu, wa mwaka mmoja na miezi minne, masweta mawili, suruali ya jinzi na viatu. Njiani kutoka kijijini kwetu Ntobeye nilimnywesha uji mpaka akagoma. Nilitaka awe mzito. Mwezi uliotangulia uzito wake kwenye kadi ulikaribia kutoka kwenye rangi ya kijani, na nesi alinisema mbele ya benchi zima: "Mama, migomba yote hii, mtoto unampa nini?" Nilimpa ndizi, jamani. Ndizi na maharage, kama nilivyolelewa mimi.

Sweta la juu lilitoka kwa dada yangu aliyeolewa Arusha. Mwanawe ni mdogo kuliko wangu kwa miezi mitano, na lilikuwa limeshambana. Wangu lilimfunika hadi vidole. Dada alinieleza kwamba kliniki ya kwao mtoto huvuliwa nguo zote chumbani, akapimwa uzito, urefu na mkono. Kwetu mizani inaning'inia barazani, upepo wa mlimani unakata, na nesi ni mmoja kwa umati wote ule. Nani angevua?

Nesi akamning'iniza mwanangu, akasoma, akashika kalamu. "Kijani. Hongera, mama."

Nilipaswa kufurahi. Lakini watoto wote waliotangulia walilia na kurusha mateke juu ya mizani ile. Wangu alitulia tu, miguu imelegea, ananitazama.

"Nesi," nikasema, "mpime tena. Bila nguo. Nimekudanganya."

Nilimvua mwenyewe, na mbavu zake zikaonekana na kila mtu. Uzito ukashuka chini ya kijani. Nesi akachomoa mfukoni utepe wa kupimia unene wa mkono, akauzungusha kwenye mkono mwembamba wa mwanangu: nyekundu, rangi ya hatari. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliandika barua ya hospitali ya wilaya, akasema twende leo leo.

Kisha akaligeukia benchi. "Nani mwingine?"

Jirani yangu, niliyeongozana naye asubuhi ile, alimkumbatia mwanawe kwa nguvu ndani ya masweta yake. Mchezo huo nilimfundisha mimi.