Tulivyopaka rangi sakafu ya gereji Masimba, Sabato ikatukuta mlangoni

Wakuu, habari za humu. Hii sikusimuliwa na mtu, niliikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu anataka kupaka epoxy, ile rangi ngumu ya kisasa ya sakafu, kwenye gereji ya marehemu babu yake. Tumebishana tangu asubuhi, kwa hiyo nimekuja kwenu.

Miaka ya hamsini nilikuwa bibi harusi mpya pale Masimba, kwetu Kisii. Mume wangu Nyamari alikuwa fundi wa magari. Alikuwa amerudi kutoka kazini Kericho, akajenga banda na kumwaga sakafu ya simiti. Simiti yenyewe ilitoa vumbi kila ukifagia, na oili ikidondoka inazama moja kwa moja.

Mwenyekiti wa chama cha kahawa alikuwa anatafuta gereji ya kutunza lori lao. Angekuja Jumapili kuangalia. Akikataa, Nyamari anarudi Kericho. Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Sikutaka aondoke tena, basi.

Tukaanza kuchagua cha kupaka. Odhiambo, dereva rafiki yake kutoka upande wa ziwa, alisema tumwage oili chafu, vumbi litalala. Nikamuuliza, na fundi akiteleza akalala pia? Nta ya sakafu kama ya nyumba za misheni nayo ilikuwa utelezi mtupu. Mwishowe tukachukua rangi nyekundu ya sakafu kutoka duka moja Kisii mjini.

Tulisugua madoa ya oili kwa magadi na maji moto, tukaacha sakafu ikauke. Mvua za kwetu mnazijua, ilikauka kwa madaha. Tukapata nafasi ya kupaka Ijumaa mchana.

Brashi nilishika mimi. Nyamari alikuwa anapaka kama anayefukuza kuku. Mimi nimekua nikisiriba nyumba kwa mavi ya ng'ombe, najua unaanzia ukuta wa mbali unarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Nikabakiza ukanda mdogo tu hapo mlangoni. Mara nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Baba mkwe, mzee wa kanisa la Wasabato, na Sabato yetu huanza Ijumaa jua likizama!

Sasa wakuu, kwetu kuna ensoni, ile heshima ya kutokaribiana kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Siwezi kumpita nikimgusa, wala yeye hawezi kuingia nilipo. Mbele yangu rangi mbichi, nyuma yangu mkwe, na mlango ni mmoja. Niliganda na brashi mkononi.

"Nyamari," akamwita mume wangu aliyekuwa nje, "jua liko wapi?"

"Baba, imebaki kidogo tu."

"Sabato haingoji kidogo. Mwambie mke wako atoke, mimi nageuka."

Akageuka, akaenda kutazama migomba. Nikatoka mbio. Nilikasirika kweli! Ukanda ule ungemalizika kabla ya chai kuchemka.

Jumamosi yote hakuna aliyekanyaga mle. Gari la mteja lilinyeshewa nje. Jua lilipozama Nyamari akataka kuliingiza, Odhiambo akamzuia. Alisema kwa bosi wake walipaka rangi hiyohiyo, wakaingiza gari usiku uleule, asubuhi magurudumu yakaondoka na rangi.

Jumapili mwenyekiti akaja na lori lenyewe. Likaingia, likakaa tukinywa chai, likatoka. Rangi haikubanduka hata kidogo!

Akaonyesha ule ukanda wa kijivu mlangoni. "Na hapa?"

Nyamari aliona aibu. "Hapo Sabato ilitukuta."

Mwenyekiti, Mkatoliki yule, alicheka mpaka akashika lori. "Anayemwogopa Mungu mpaka kwa kipande kama hiki hataninyonyea petroli. Lori litakaa hapa."

Nilienda jikoni nikalia kwa furaha. Kisha nikatoa nguo kwenye lile begi, nikaweka viazi. Nyamari hakurudi Kericho tena.

Ukanda ule hatukuupaka kamwe. Sakafu ilipakwa upya mara nyingi, na kila mara Nyamari aliishia palepale, akiniangalia na kucheka.

Nilichojifunza: toa oili yote kwanza, acha sakafu ikauke, na ukishapaka funga mlango uende kanisani.

Mjukuu nimemwambia apake epoxy yake yote anayotaka, lakini akifika mlangoni aweke brashi chini. Anasema itaonekana kazi nusu. Nyinyi mnamwambiaje?