Hadida wa Bellevue

Mwanangu, sogea nikwambie habari ya asubuhi zangu za Bellevue, mtaa wa Johannesburg, mwaka 2016. Sikuwa kijana mbichi, ila katika jiji lile nilikuwa mtoto mchanga, tena mtoto mwenye kiburi.

Nilikuwa mlinzi Midrand, zamu ya usiku, na chumba nilipanga kwa Mama Furaha, mjane aliyetoka Bukavu, Kongo. Nyuma ya nyumba alilima lengalenga, mchicha wetu ule, na bustani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake. Kila nikirudi asubuhi nijilaze, nilikuta hadida wameshafika. Ni ndege wakubwa wa kijivu, mdomo mrefu umepinda, na kwa kelele zao ungedhani watu wanagombana. Walikuwa wakitoboatoboa udongo, nami nikajiambia wanaharibu. Nikawarushia mawe wiki nzima, nikatundika mifuko ya plastiki mtini, hadi wakahama. Nikalala fofofo, nikajiona bingwa.

Haukupita muda mrefu, lengalenga ikaanza kunyauka mstari kwa mstari. Mama Furaha akafukua shina moja. Mizizi hamna, na chini yake funza weupe, wanene, wamejikunja. Nilipoona anavyowatazama wajukuu wake, nikakiri kwamba hadida niliwafukuza mimi. Aibu iliyonishika siku ile, mwanangu, naisikia mpaka leo.

Angeweza kunitoa chumbani. Badala yake alinikalisha, akanipakulia ugali na dagaa, akasubiri nishibe. Ndipo akasema, "Ule ndege alikuwa anakula hivi vidudu. Weye ulisikia makelele yake tu. Na siye wageni hapa, kuko watu wanasikiaka makelele yetu tu, kazi yetu hawaione."

Akanipa kijiti. Kila nikitoka kazini nilipiga magoti kuchokoa funza, kazi aliyokuwa akiifanya ndege bila kuombwa, na sikumfikia hata nusu. Ile mifuko niliitungua mwenyewe. Hadida wawili waliporudi, nilikaa mlangoni nikawasikiliza, nikamshukuru Mungu kwa usingizi nilioukosa.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamfukuza kiumbe yeyote, jua kwanza anakula nini, na nani anakula kwa sababu yeye yupo. Mungu akujalie macho ya kuliona hilo, na popote utakapokuwa mgeni, akupe mtu kama Mama Furaha. Amina.